Sura ya Saba: Upande wa Pili wa Antonov

Komanda Népomuscène, mkuu wa askari wa uwanja wa ndege, aliilaza picha mezani, akainyoosha kwa kidole, kisha akarudisha kiti nyuma ili Inspekta Mathilde aiangalie kwa nafasi.

"Angalia hizi riveti," alisema. "Zinaonekana moja moja. Angalia moshi nyuma ya moteri. Angalia doa ya mafuta hapa chini. Mutu akipiga hii photo anasimama wapi? Anasimama ndani, Inspekta. Mahali hata we na kadi yako ya polisi haungefika kama mi sijakubali."

Mathilde akainama. Picha ilichapwa kwenye karatasi ya kawaida, na ilionyesha Antonov, ile ndege kuukuu ya mizigo yenye pangaboi mbili ambayo kila mtu wa Bujumbura amewahi kuisikia ikitikisa mabati ya nyumba yake. Ilikuwa imeegeshwa uwanjani, inaonekana ubavu wa kushoto. Rangi yake ya kijivu cha kibuluu ilikuwa imebabuka, na nyuma ya bawa palikuwa na kiraka cha bati jeupe, kama kiraka kipya kwenye suruali ya zamani. Riveti, vile vichwa vya misumari vinavyoshika bati la ndege, zilijipanga mistari kwa mistari, na kwenye mstari mmoja kichwa kimoja kilikuwa kimeng'oka.

"Ni picha nzuri," alisema.

"Ni nzuri zaidi ya lazima. Ndiyo shida yake."

Shida yenyewe Mathilde alikuwa anaijua. Wiki iliyotangulia, mwezi wa nne wa mwaka 2003, Antonov hiyo ilitua na unga na dawa za hospitali. Ilipopunguza mwendo, watu waliojificha kwenye matete ya upande wa mto Rusizi wakaifyatulia risasi. Fundi mmoja aliyekuwa amekwisha kusimama tayari kwenye mlango wa marubani akapigwa paja, na hadi leo yuko kitandani. Risasi zote zilipiga kuuzunguka mlango ule. Hiyo haikuwa bahati. Mtu aliwaambia wapigaji watu wa ndege wanasimama wapi.

Siku ya pili yake, wanajeshi wa bariyeri, kizuizi cha njia ya Cibitoke, wakafungua mfuko wa kijana anayeitwa Faridi, mtengenezaji wa kompyuta, wakaikuta picha hii. Faridi akasema si photo, ameichora mwenyewe kwa kompyuta kwa ajili ya mchezo. Bariyeri nzima ikacheka. Halafu rafiki yake, Valéry, alipoulizwa, akasema bila kufikiri kwamba Faridi aliwasimulia wenzake jinsi alivyoizunguka ndege hiyo akaigusa kwa mkono. Hapo kicheko kikaisha.

"Kesho asubuhi anapanda gari ya kwenda kwa mahakama ya jeshi," Komanda alisema. "Akishafika kule, mi na we hatuna tena neno, na unajua kule mutu wa kesi kama hii anarudi namna gani. Mais yeye ni raia, na sheria inataka P.V., maandishi ya polisi. Andika, tia sahihi, tumalize."

"Naweza kuandika jioni?"

Komanda akamtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri vita ilivyomruhusu, na siku zile vita haikuruhusu sana.

"Jioni, kabla ya couvre-feu, saa ya kufungiwa ndani," alisema.

Mathilde alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake: hakuandika kitu asichokiona kwa macho. Wakubwa waliiita ukaidi. Mume wake aliiita hivyo hivyo, ila yeye alisubiri kwanza apewe chakula.

*

Faridi alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, mgongo ukutani, kijana mwembamba mwenye shati lililochanika bega. Alipomwona Mathilde akainuka kwa adabu. Alipoiona picha mkononi mwake, akasahau adabu na kuinyooshea mkono.

"Mama, samahani. Hii imprimante ya kuchapa imeniharibia. Mi nilitia kijivu, yeye ametoa buluu."

Mathilde akamtazama vizuri. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa ameona watu wakilia mahabusu, wakiapa, wakimtukana. Huyu alikuwa wa kwanza kulalamikia rangi.

"Keti," alisema. "Nieleze kama vile mimi sijui kitu. Kwa kweli sijui kitu."

Faridi akaeleza, taratibu mwanzoni, kisha mbio. Kuna mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, simulateur. Unakaa Cibitoke, unaruka hadi Kigoma, unatua, na hujaondoka kwenye kiti. Mchezo wenyewe unakuja na ndege zake, za Ulaya na Amerika. Lakini mtu akiwa na akili na subira anaweza kuunda ndege nyingine akaiongeza humo: kwanza umbo, kama la udongo, halafu ngozi, yaani picha inayovikwa juu ya umbo. Ngozi ndiyo kazi. Ngozi ndiyo watu wanaangalia.

"Wanaangalia nini?"

"Vitu bidogo, mama. Kama moshi wa moteri unaelekea kule upepo unapeleka. Kama rangi imebabuka pale mafundi banakanyaga. Ndege safi safi ni ya mutoto. Ndege ya kweli iko na uchafu wake."

"Na hizi riveti ulizipata wapi, kama hukuikaribia?"

"Kwa kamyon." Akatabasamu kidogo. "Jirani yetu iko na kamyon, lori mbovu ya zamani, mbele ya atelye yangu ya kompyuta. Nilipiga photo ubavu wake, nikaipunguza, nikaipanga. Kutu ya chini ya tumbo, ile ni ya mlango wa depo moja kule Zone Industrielle, kwa viwanda."

"Ndege yenyewe uliiona wapi?"

"Kwa terrasse ya uwanja, pale juu basindikizaji banasimama, mwezi wa pili, siku tulimsindikiza shangazi kwenda Hija. Tulikuwa familia nzima. Nilimupiga shangazi photo, na ndege iko nyuma yake."

Maneno yalikuwa yanatoka yamenyooka, kama ya mtu asiye na cha kuficha. Mathilde akaweka kalamu chini.

"Faridi, uliizunguka ile ndege?"

Akalishika lile shati lake pale lilipochanika, akalikunja, akalikunjua.

"Valéry anasema nini?"

"Namuuliza Faridi."

"Kama nilisema, nilisema."

"Sijauliza ulisema nini. Nauliza ulifanya nini."

Alikuwa amejibu kila swali isipokuwa hilo moja ambalo lingeweza kumtoa. Mathilde akamweleza wazi, bila kupamba: kesho asubuhi, gari, mahakama ya jeshi. Faridi akarudi kulikunja shati lake. Mathilde akatoka akiwa na hasira naye, hasira ile ambayo mtu huwa nayo kwa mwanawe.

*

Kule Cibitoke, mtaa wa akina Faridi, shangazi mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni na kanga ya kichwa imefungwa kwa nguvu. Aliitwa Haja Houda, na tangu arudi Maka hakuitika kwa jina lingine. Ndiye aliyemlea Faridi.

"Karibu, mama Inspekta," alisema. "Sitakuuliza kama atarudi. Kunywa chai kwanza, juu nikikuuliza nitalia, na nikilia hautapata neno kwangu."

Mathilde akanywa chai. Kisha akaomba kuiona picha ya siku ya Hija, na Haja akaileta ikiwa kwenye fremu ya kioo. Palikuwa na Haja katika nguo nyeupe, amenyooka kama askari wa gwaride, na mbali nyuma ya bega lake, Antonov. Ilikuwa ndogo. Kiraka cheupe kilionekana, na pua, na ubavu wa kushoto. Riveti hata moja haikuonekana.

"Ni hiyo ndege ilikupeleka Hija?"

Haja akatazama kando. "Majirani banasema ni hiyo."

"Na wewe unasema nini?"

"Mi sikuwakatalia. Ile yetu, alhamdulillah, ilikuwa nzuri na viti vyake, mais ilikuwa imeegeshwa mbali. Hii ndiyo ilikuwa karibu, ikaingia kwa photo." Akaifuta fremu kwa ncha ya kanga. "Katika hii nyumba tunapenda kidogo kusifiwa, mama. Mungu atusamehe. Mdomo uliponza kichwa."

Nje, mbele ya atelye, kamyon mbovu ilikuwepo kweli, imekaa kwenye rimu bila matairi. Mathilde akapita ubavuni mwake polepole na picha mkononi, mpaka akafika mahali palipopungukiwa na kichwa kimoja cha riveti. Akalinganisha. Mstari ulikuwa ule ule, hata mkwaruzo wa chini yake. Moyo wake ukatulia kidogo. Akampigia Komanda simu papo hapo.

"Riveti ni riveti," Komanda akajibu. "Anaweza kuwa na kamyon, na pia kuwa ameingia uwanjani. Yeye mwenyewe amesema ameigusa. Unaniletea kamyon, Inspekta?"

Akakata. Mathilde akabaki ameshika simu, akikiri kwamba mwanamume huyu hakukosea. Kamyon ilionyesha riveti zimetoka wapi. Haikuonyesha miguu ya Faridi ilifika wapi.

Ndani ya atelye, Valéry alikuwa anamngoja. Mwanafunzi wa chuo, miwani, macho mekundu. Mathilde alimwagiza aje awashe kompyuta ya Faridi, kwa kuwa yeye alijua njia za humo.

"Mi sikujua," Valéry alisema kabla ya salamu. "Komanda aliniuliza kama Faridi anaijua ile ndege vizuri. Nikasema, anaijua kuliko sisi wote, ameizunguka. Nilikuwa namsifu, mama. Wallahi… mi ni mukristo, mais wallahi."

"Najua. Washa."

Mashine ikakohoa, ikawaka. Huku wakingoja, Valéry akaeleza desturi yao. Kila Jumapili baada ya misa yake, wapenzi wa mchezo walikutana hapa. Aliyeunda ndege aliiweka mbele ya wote, ikahukumiwa. Hapakuwa na huruma. Mmoja aliwahi kulia kwa sababu matairi yake yalikuwa safi mno. Pointi kumi zilikuwepo kwa heshima tu. Hakuna aliyezipata, mpaka siku ya Antonov.

"Kwa nini yeye alizipata?"

"Kelly, mwenzetu wa mchezo, alianza kuuliza maswali. Hii doa iko hapa kweli? Hii rangi iko hivi kweli? Faridi akakasirika, akasema: mi nimeizunguka, nimeweka mukono juu yake, we umeiona wapi? Sasa mutu ameigusa, utamubishia na nini? Tukanyamaza. Mi mwenyewe nilisema kumi."

Antonov ikatokea kwenye kioo. Mathilde hakujua mambo ya ndege, lakini akajikuta anasogeza kiti. Ilikuwa nzuri, basi. Bati lilionekana limechoka, limepigwa jua, limeoshwa na mvua na kupigwa tena jua. Moshi wa injini ulikuwa umelamba bawa mpaka nyuma. Mtu aliipenda ndege hii kabla ya kuichora.

"Igeuze," alisema. "Nataka kuona upande mwingine."

Valéry akabonyeza. Ndege ikazunguka, pua, uso wa vioo, kisha ubavu wa kulia. Na nyuma ya bawa, pale pale, kiraka cha bati jeupe.

"Simama hapo. Kuna viraka viwili?"

"Eh. Kila upande moja." Valéry akapandisha miwani. "Alisema aliona pande zote."

Mathilde akakiangalia kile kiraka cha pili. Kilikuwa na kona moja iliyokunjika, kama cha kwanza. Chini yake palikuwa na doa la mafuta, kama chini ya cha kwanza. Akamwomba Valéry arudishe upande wa kushoto, halafu wa kulia tena, halafu kushoto.

"Mtu akichora ngozi," aliuliza, "anachora pande zote mbili?"

"Ukiwa na bidii. Ukiwa na haraka unachora moja, unaigeuza kama kwa kioo, unavika upande wa pili. Unabadilisha namba tu, juu namba ikigeuka kila mutu atacheka." Akaitazama ndege, akatikisa kichwa. "Apana. Faridi hawezi kufanya hivyo."

Mathilde alizima mashine, akaifunga kwa utepe wa polisi akiwa na Haja Houda kama shahidi, akaipakia kwenye gari.

*

Uwanjani, askari wa kike aliyeitwa Prudence akampokea kwa barua ya Komanda na kumpandisha kwanza kwenye terrasse. Antonov ilikuwa pale, mafundi wakiishughulikia. Kutoka pale juu ulionekana ubavu wa kushoto: kiraka, doa, moshi. Ilikuwa picha ya Haja Houda bila Haja Houda.

"Huwa inaegeshwa hivi siku zote?"

"Siku zote, mama. Magari ya mizigo banakuja upande wa maghala, na maghala iko kule ng'ambo. Hata mi, kabla hawajanipanga chini, nilijua ubavu moja tu."

Wakashuka. Jua lilikuwa limeichoma sakafu ya uwanja na joto lilipanda hadi magotini. Mathilde akapita mbele ya pua, akaingia upande wa kulia, akasimama.

Hapakuwa na kiraka. Bati la nyuma ya bawa lilikuwa zima. Doa la mafuta halikuwepo. Na hapo mbele, kati ya pua na injini, palikuwa na mlango mwembamba, na kuuzunguka mlango, matundu ya risasi ambayo mafundi walikuwa wameyazungushia chaki. Kizingiti chake kilikuwa kimesuguliwa kwa sabuni mpaka kimeng'aa kuliko ndege yote. Mathilde hakuhitaji kuuliza walikuwa wanasugua nini.

Alisimama pale muda. Alimwonea huruma fundi wa hospitalini, na wakati huo huo alikuwa anajua amekwisha kupata cha kumtoa Faridi, na mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwake bila kusukumana. Kisha akageuka, akamwambia Prudence wafanye haraka kabla bariyeri hazijafunga njia.

*

Mezani kwa Komanda kompyuta ilionekana kubwa kupita kiasi. Valéry alikaa kwenye benchi karibu na ukuta. Faridi akaletwa akiwa na pingu, macho chini, mpaka alipouona utepe wa polisi kwenye mashine yake.

"Hamkuichomoa vibaya?" aliuliza.

"Iwashe," Mathilde akasema. "Mwonyeshe Komanda."

Komanda akaagiza pingu zifunguliwe mkono mmoja. Faridi akaketi. Mara ndege ilipotokea, mgongo wake ukanyooka, na yule mtu wa mahabusu akapotea. Alimwonyesha Komanda moshi, akamweleza upepo wa uwanja unavuma kutoka wapi. Alimwonyesha rangi iliyobabuka pale mafundi wanapokanyaga. Komanda alisogeza uso hadi karibu na kioo, bila kutaka, kama Mathilde alivyosogea.

"Hii ni kazi," alinong'ona. Halafu akajirudi. "Na ndiyo inanitia wasiwasi."

"Komanda," Mathilde akasema, "mwombe akuonyeshe upande wa kulia. Wewe unaujua kuliko sisi."

Ndege ikazunguka. Komanda akanyoosha mkono. Kidole chake kikaenda kwenye kiraka cheupe, kikasimama, kikasogea mbele polepole juu ya bati hadi puani, kama cha mtu anayetafuta swichi gizani. Kikarudi. Kikaenda tena.

"Marubani banaingilia wapi?" aliuliza.

Akamgeukia Faridi.

"Nakuuliza, kijana. Hii ndege yako, watu wake banaingilia wapi?"

Faridi akatazama kioo. Kwenye benchi, Valéry aliinuka nusu, miwani ikamteleza. Jumapili nzima walikuwa wameihukumu ndege hii, wakabishana juu ya doa na kivuli cha doa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza rubani anapandia wapi. Mlango haukuwepo kushoto, kwa kuwa hata kwenye ndege ya kweli kushoto hakuna mlango. Na haukuwepo kulia, mahali pake.

"Mlango…" Faridi alisema. Kisha sauti ikatoka na kiburi chake chote. "Mlango niliuacha kwa makusudi. Kompyuta ingekuwa nzito. Niliuona, nikauacha."

Ulimi wa kijana huyu ulikuwa unajenga gereza upya baada ya Mathilde kulibomoa siku nzima. Komanda alikuwa amekwisha kunyooka, amekunja uso.

"Umeuona?" Komanda akauliza. "We mwenyewe, kwa macho?"

"Faridi," Mathilde akasema, kabla hajajibu. "Nisikilize. Unamjibu Komanda, lakini unayemwogopa si Komanda. Unayemwogopa amekaa kwenye benchi. Geuka umtazame, halafu useme."

Faridi hakugeuka haraka. Alipogeuka, aliutazama uso wa Valéry kwa muda, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia.

"Sikufika," alisema.

Valéry akaketi tena.

"Niliwadanganya. Kelly alikuwa ananiuliza mbele ya watu, nikaogopa ataona kwamba upande wa pili ni wa kugeuza. Nilichora moja. Mwezi muzima nilichora ule moja, nikachoka, nikaugeuza. Sijaizunguka. Tangu nizaliwe mi sijawahi kugusa ndege yoyote. Hata ya shangazi niliipungia mukono kwa terrasse."

Machozi yakamtoka hapo, yeye ambaye hakulia mahabusu. Komanda alitazama ukutani mpaka kijana akajifuta.

"Waliopiga risasi waliujua mlango," Mathilde akasema kwa upole. "Huyu hakujua hata kama upo. Na mashine niliifunga Cibitoke kabla sijaenda uwanjani. Shangazi yake ni shahidi. Nitaandika hivyo kwenye P.V., na nitatia sahihi."

Komanda akaipindua ile picha ya karatasi kifudifudi.

"Basi mutu wangu bado iko nje," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Fungua huyu pingu ya pili." Halafu, askari alipomaliza, akakinyooshea kioo kidole. "Mais hiyo haibaki, Faridi. Unielewe. Mi mwenyewe, na macho yangu, nilisema ni photo. Ikishikwa kwa bariyeri ingine, kwa mfuko wa mutu mwingine, Inspekta hatakuwa karibu. Kuna kopi?"

"Moja," Valéry akasema. "Kwangu."

"Utaileta kesho. Na hiyo ya hapa, uifute sasa. Wewe mwenyewe."

Mathilde alitaka kumtetea. Komanda alikuwa na haki, na kuwa na haki kwake hakukumpunguzia mtu uchungu. Faridi alivuta kibodi ya kompyuta karibu. Mkono ulikuwa na alama ya pingu. Akaitafuta ndege yake, akaichagua, na mashine ikamuuliza kama ana hakika ya kuifuta.

Hakubonyeza. Akairudisha ndege kwenye kioo, ubavu wake mzuri wa kushoto, akageuza kiti.

"Valéry. Njo uihukumu."

"Niliihukumu."

"Uliyahukumu maneno yangu. Hukumu ndege."

Valéry akaja. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Alianza na pua kama wanavyofanya Jumapili, akapita kwenye bati, akakaa sana kwenye injini. Akaomba igeuzwe, akaangalia kulia vivyo hivyo, bila kuruka kitu. Komanda alikuwa na gari la kuagiza na simu za kupiga, lakini hakumharakisha.

"Moshi ni muzuri kuliko wa kweli," Valéry alisema mwishoni. "Rangi, sina neno. Upande wa kulia ni uvivu, na mlango ni aibu yetu wote." Akafikiri. "Sita."

"Sita?"

"Sita. Na ni kwa sababu ya moshi."

Faridi akaitazama ndege mara moja zaidi. Akatikisa kichwa kukubali, akabonyeza.